Mbeba Mkoba wa Mheshimiwa

Nyumbani kwa dada yangu mjini Kisii, runinga huzimwa magharibi inapoingia, na haiwashwi tena mpaka watu wamekwisha kula. Baada ya hapo huwa ni zamu ya vichekesho, wala havitazamwi na wenye nyumba peke yao. Jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, huja na wanawe wawili na bakuli la njugu za kukaanga, akaketi mkekani kama mtu wa nyumbani. Ndivyo nilivyomkuta likizo ya Agosti iliyopita.

Usiku mmoja mpwa wangu, ambaye yuko chuo kikuu na ana maoni juu ya kila jambo, alituletea kipindi cha Kimarekani kiitwacho Veep. Naeleza mapema, wazazi wasije wakanilaumu: si kipindi cha watoto, wala si cha kutazamwa mbele ya mkwe. Matusi yamo ndani yake kama chumvi iliyomwagika chunguni. Mpwa wangu alilijua hilo, kwa hiyo alizima sauti na kutusimulia mwenyewe, akiyaruka yasiyosemeka. Yamkini kilinoga zaidi kwa ulimi wake.

Kipindi hicho kilirushwa na HBO kuanzia mwaka 2012 hadi 2019. Mhusika wake mkuu ni Selina Meyer, anayeigizwa na Julia Louis-Dreyfus. Selina aliutaka urais akaukosa, akapewa umakamu, cheo chenye msafara mrefu na kazi fupi. Amezungukwa na wasaidizi: Amy anayeshika usukani wa ofisi, Mike msemaji asiye na la kusema, Dan kijana mwenye tamaa, Sue mpanga miadi, na Gary, mbeba mkoba. Kila mara Selina humwuliza Sue iwapo rais amepiga simu. Sue hujibu kwamba hakupiga. Mzaha ndio huo huo, warudiwa na kurudiwa, na kila urudiapo wachoma zaidi, kwa kuwa mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba mama huyu amepewa kiti ili asikalie kingine.

Tulicheka sana. Kisha akaja Gary. Kazi yake ni kumfuata bosi wake hatua moja nyuma, mkoba begani, na kumnong'oneza sikioni jina la kila mtu anayekaribia, na jina la mkewe, na maradhi aliyougua. Mheshimiwa hunyosha mkono na kusema maneno matamu kana kwamba ameyakumbuka mwenyewe. Hapo Mwalimu aliacha kucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, mtu wa namna hiyo mimi nitampata wapi?"

Ndipo tulipojua kwamba ana nia ya kuwania uwakilishi wa wadi katika uchaguzi wa Agosti 2027.

Sisi tuliolelewa na runinga ya taifa twakumbuka vichekesho vyetu vilivyokuwa. Vitimbi ilikuwa nyumba ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Vioja Mahakamani ilikuwa kizimba na hakimu. Papa Shirandula, iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa habari ya mlinzi wa langoni anayemficha mkewe kazi aifanyayo mjini. Wanawake wa vipindi hivyo hawakuwa wajinga hata kidogo; Mama Kayai aghalabu ndiye aliyekuwa na akili ya nyumba nzima. Walakini akili hiyo iliishia ukumbini na jikoni. Mheshimiwa ninayemkumbuka mimi katika vichekesho vyetu alikuwa mwanamume mwenye kitambi na fimbo, na mwanamke aliye karibu naye alikuwa amebeba sinia la chai. Kwa hiyo Mwalimu alipomwona Selina, hata akiwa bubu, alikuwa akitazama kitu ambacho macho yake hayakuzoea: mwanamke ambaye mkoba wake wabebwa na mtu mwingine.

Sasa, Kisii na Nyamira. Kaunti hizi mbili ni za watu wamoja, Abagusii, na zina maeneo bunge 13, Kisii 9 na Nyamira 4. Tangu katiba ya 2010 tumepiga kura ya uchaguzi mkuu mara tatu, mwaka 2013, 2017 na 2022. Hesabu ni nyepesi: viti 13 mara tatu ni 39. Vyote 39 vilitwaliwa na wanaume. Viti vya ugavana, useneta na unaibu gavana navyo ni hivyo hivyo.

Mtu wa pwani husikia hayo akasema, basi hao ni watu wanaowadharau wanawake. Nami nilisema hivyo, Mwalimu akanirudi kwa upole. Alinitaka niyasome tena majina ya maeneo bunge yenyewe. Kitutu, Mugirango, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Bonchari. Haya si majina ya mito wala ya milima. Ni majina ya koo, na ukiiondoa Borabu, iliyokuwa nchi ya mashamba ya walowezi, karibu kila eneo bunge limebeba jina la ukoo mkubwa wenye ardhi pale. Kumpigia mtu kura huko ni kumpa nguvu mtoto wa ukoo. Na ndani ya ukoo mkubwa mna milango midogo, kila mmoja ukikumbuka ni nani aliyekula zamu iliyopita.

Msichana wa Kigusii haolewi ndani ya ukoo wake. Huolewa nje. Mwalimu alizaliwa upande wa Machoge, akaolewa Nyaribari miaka 19 iliyopita. Akienda kwao kuomba kura huambiwa, wewe ulikwisha kuolewa, nenda kaombe kwa mumeo. Akiomba kwa mumewe huambiwa, wewe ni wa kuja, kaombe kwenu. Sisi tunasema mkaza mwana, nao husema omokamwana. Neno ni moja na shida ni moja. Mwanamume huzaliwa na eneo bunge lake. Mwanamke huzaliwa na moja, akaolewa katika la pili, akaishia hana hata moja.

Mfano ulio karibu ni wa Bonchari. Mbunge wa huko, John Oroo Oyioka, alifariki Februari 2021, na mjane wake, Teresa Bitutu, akajitosa katika uchaguzi mdogo wa Mei mwaka huo. Kwingineko Kenya mjane wa mbunge aghalabu hupata huruma ya wapiga kura. Huko kiti kilikwenda kwa Pavel Oimeke. Sitaki kusema kwamba ukoo pekee ndio ulioamua, maana vyama vikubwa vilipigana vikali mle. Lakini Mwalimu alikuwa akiufuatilia uchaguzi ule redioni, na alichokishika yeye ni hicho.

Na msomaji asidhani kwamba wapiga kura wa huko hawawezi kumchagua mtu asiyetarajiwa. Mwaka 2022 watu wa Nyaribari Chache walimpeleka bungeni Zaheer Jhanda, mwenye asili ya Kiasia, miongoni mwa koo zinazohesabu vizazi kwa vidole. Nilipolitaja hilo Mwalimu alicheka mpaka njugu zikampalia. "Basi Mhindi amekuwa Mnyaribari," akasema, "nami niliyewazalia watoto wawili bado ni mgeni!"

Mlango uliofunguka ni mmoja. Katiba iliweka viti 47 vya wanawake katika Bunge la Taifa, kimoja kwa kila kaunti. Kisii imewachagua Mary Otara mwaka 2013, Janet Ongera mwaka 2017 na Dorice Aburi mwaka 2022. Nyamira ilimchagua Alice Chae mwaka 2013, kisha Jerusha Momanyi mara mbili zilizofuata. Wanawake watano. Nadhani sasa sababu yaonekana: kiti hiki ni cha kaunti nzima, kwa hiyo ukoo mmoja hautoshi kukipata wala kukizuia. Aliyezaliwa Machoge akaolewa Nyaribari, hapo ana koo mbili badala ya kukosa zote. Kilichokuwa dosari katika eneo bunge huwa mtaji katika kaunti.

Walakini kiti chenyewe kimeshonwa kwa kitambaa kile kile cha umakamu wa Selina. Mwakilishi wa wanawake wa Kisii huomba kura katika maeneo bunge 9, sawa na gavana na seneta, kwa watu ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya 1,266,000. Akifika bungeni huketi kando ya mbunge aliyeomba katika eneo moja tu. Mbunge huyo ana hazina ya eneo bunge, ambayo sheria imeitengea si chini ya asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya taifa. Mwakilishi wa wanawake hakuwa na hazina yoyote mpaka mwaka 2015, ilipoanzishwa ile iitwayo NGAAF, na hadi leo mgawo wake ni mdogo mno ukilinganishwa. Miaka ile ya mwanzo watu waliwaita wawakilishi hao wasichana wa maua, kama wale watoto wanaomtangulia bibi harusi wakimwaga petali, kisha hakuna awakumbukaye. Utani huo ulitoka vinywani mwa wabunge wenzao pia.

Nenda katika ofisi ya namna hiyo, kaunti yoyote, siku ya kazi. Wamejaa wazazi wenye barua za kuomba basari. Kikundi cha akina mama kinataka mahema na viti vya kukodisha. Kingine kinataka mashine ya kuangulia vifaranga. Mwalimu mkuu ametumwa kuulizia taulo za wasichana. Vijana wa bodaboda wako nje wakidai mafuta. Wasaidizi ni wachache, na kila mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Mwenye kushika daftari la matanga ndiye mkubwa wao wote ingawa mshahara wake ni mdogo kuliko wote, kwa sababu Mheshimiwa akikosa mazishi mawili katika kijiji kimoja, kura za kijiji hicho amekwisha kuzizika. Waandishi wa Veep walikusudia kuchekesha. Mpwa wangu alisema angekihamisha kipindi chote mpaka Keroka, asibadilishe chochote ila majina.

Si bure kuutaja Keroka. Mji huo umekaa mpakani, na kaunti zote mbili huudai na ushuru wake. Kijana alikwisha kutunga sehemu ya kwanza papo hapo: ofisi ya mwakilishi iko ghorofani juu ya duka la misumari, chini yake mama muuza ndizi amekatiwa risiti ya Kisii saa mbili asubuhi na ya Nyamira saa tatu, anapanda ngazi na mkungu kichwani kumwuliza Mheshimiwa yeye ni wa nani, na wasaidizi wanashauriana kwanza iwapo kura yake iko upande huu wa barabara au ule. Dada yangu alimwambia aache kupoteza karo, asome. Mimi naona lau kituo kimoja kingempa kijana huyo kamera, tungekuwa na kichekesho cha kutazamwa na mtoto na mkwe pamoja.

Lipo jambo lingine la Nyamira ambalo halichekeshi, nalo nalitaja kwa kuwa limetoka huko. Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, aliandika ushauri kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Septemba 2020 kwamba Bunge livunjwe. Kosa la Bunge lilikuwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wajumbe, ingawa mahakama ililitaka lifanye hivyo. Bunge halikuvunjwa, suala likazuiwa mahakamani, na wabunge wakakaa mpaka muhula wao ukaisha mwaka 2022. Mzee mmoja wa kanisa, mtulivu, kutoka kaunti isiyopata kumchagua mwanamke katika eneo bunge hata moja, ndiye aliyelishika jambo hilo mpaka mwisho wa kalamu yake.

Sisi wa pwani tusijipige kifua upesi. Ni kweli kwamba kwetu kiti hiki kimekuwa ngazi. Mishi Mboko alikuwa mwakilishi wa Mombasa mwaka 2013, mwaka 2017 akawa mbunge wa Likoni. Aisha Jumwa alitoka uwakilishi wa Kilifi akaingia Malindi mwaka huo huo. Ruweida Obo alitoka uwakilishi wa Lamu akaitwaa Lamu Mashariki mwaka 2022, na Kwale mwaka huo ikampata gavana mwanamke, Fatuma Achani. Lakini ni mwakilishi wetu pia, Zuleikha Hassan wa Kwale, aliyetolewa ukumbini mwa Bunge mwezi Agosti 2019 kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Baadhi ya wabunge walimzomea, na picha za siku ile zilifika mbali kuliko hotuba zake zote.

Narudi kwa Mwalimu. Kilichomtia hofu si wapinzani. Ana akiba yake katika chama cha ushirika cha walimu, na binti yake mkubwa yu karibu kuingia shule ya bweni. Siasa za huko, kama za kwetu, hufanywa usiku, katika makesha ya matanga, na mwanamke arudipo saa nne maneno yamekwisha kumtangulia nyumbani. Shemeji zake waliitisha kikao. Mkubwa wao alisema tangu zamani Wagusii hawakuongozwa na mwanamke. Mwalimu alisubiri amalize, kisha akamwomba, kwa heshima, amweleze habari za Moraa wa Ngiti.

Kila mtoto wa Kigusii amesimuliwa habari hizo. Moraa alikuwa mganga na mwaguzi wa Kitutu, ambaye mwaka 1908 aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa, mpaka shujaa Otenyo akamchoma mkuki Northcote, afisa wa Kiingereza ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Otenyo aliuawa, na nchi ikachomwa moto na kunyang'anywa ng'ombe. Northcote alipona, akaishi mpaka akawa gavana wa Hong Kong. "Siku hiyo," Mwalimu akamwuliza shemeji yake, "kuna aliyemwuliza Moraa amezaliwa mlango gani?" Mzee alikohoa, akasema chai imepoa.

Kikao hakikutoa jibu siku ile. Mume wa Mwalimu, karani mstaafu wa idara ya kilimo, mtu wa maneno machache, hakusema kitu mbele ya ndugu zake, nami kwa kweli nilimhesabu miongoni mwa wapingaji. Jumamosi iliyofuata nilialikwa kuwasindikiza katika mazishi, mwendo wa nusu saa kwa matatu na kilima kizima kwa miguu, njia imeloa. Mwalimu alitangulia kwa viatu vya mpira. Mumewe alimfuata hatua moja nyuma, mkoba wa mkewe begani, mwavuli mkononi. Tulipoingia uani alimwinamia na kumnong'oneza, "Yule mama mwenye leso ya kijani ni dada wa marehemu. Mwanawe alifanya mtihani mwaka jana. Usimwulize matokeo."

Nilitazama pembeni nisije nikacheka matangani.

Baadaye aliniambia kwamba miaka 30 ya kutembelea mashamba ya chai na migomba imemfundisha majina ya watu kuliko vitabu. Katika daftari lake la zamani la idara ana kurasa mbili zilizopigwa mistari: upande mmoja misiba ya kwao mke, upande wa pili misiba ya kwao yeye. Fedha walikuwa wamekwisha kuzipangia: karo ya binti haiguswi, na ng'ombe hauzwi. Kama kampeni haitoshi kwa kilichobaki, basi itafanywa kwa miguu.

Katika Ekegusii, msomaji wangu, mama huitwa baba. Mara ya kwanza nilipowasikia wale watoto wakimwita Mwalimu hivyo niligeuka kumtafuta mumewe. Jioni ile ya mazishi walimpokea mlangoni kwa dada yangu, "Baba! Baba!", wakamvua viatu vilivyojaa tope. Mpwa wangu alikuwa amekaa mbele ya runinga iliyozimwa. Hakumwamkia kwanza, kijana huyu asiye na adabu. Alimwuliza, "Mheshimiwa, je, rais amepiga simu?"

Mwalimu alijitupa mkekani. "Bado," akasema. "Lakini mwenye matanga ya Alhamisi amepiga mara mbili." Akamgeukia mumewe, ambaye alikwisha kufungua daftari na kutafuta kalamu mkobani.